Kumshinda Adui Aliye Mgonjwa
Mafundisho kwa wakatekumeni

Watu wote hupenda ushindi. Kijana akishinda mbio, mama yake hupiga vigelegele. Mwenye shamba akishinda daawa mbele ya chifu, rafiki zake humsindikiza mpaka nyumbani kwa nyimbo. Walakini ushindi si wa namna moja. Pana ushindi unaoshibisha moyo. Tena pana ushindi unaomwacha mshindi amesimama na kikombe mkononi, akijiuliza moyoni mwake: Je, nimeshinda kweli, ama mwenzangu alikuwa mgonjwa tu?

Mtakatifu Paulo, alipowaandikia Wakristu wa Korinto, hakuona haya kuwafundisha kwa mfano wa wakimbiaji na wapigana ngumi. Maana karibu na mji ule palikuwa na michezo mikubwa, na mshindi alivikwa taji la majani. Basi si neno baya mkatekumeni wa leo naye akijifunza jambo kwa habari ya mchezo. Mchezo wenyewe ni tenisi, na walioucheza ni wanawake wawili, mmoja wa Ufaransa na mmoja wa Ubelgiji.

1. Habari yenyewe

Tenisi huchezwa katika kiwanja kilichogawanywa katikati kwa wavu. Kila mchezaji hushika raketi, yaani chombo chenye mpini na duara iliyosukwa kwa nyuzi zilizokazwa. Kwa raketi hiyo hupiga mpira mdogo upite juu ya wavu, akitaka mwenzake asiweze kuurudisha. Pointi zikitimia hufanya gemu moja. Magemu sita, kama yamemzidi mwenzake kwa mawili, hufanya seti. Na katika mchezo wa wanawake mwenye kuchukua seti mbili ameshinda. Hapana saa iliyowekwa ya kumaliza, kama ilivyo katika mpira wa miguu. Mchezo huisha mmoja anaposhinda, au mmoja anaposema: Siwezi tena.

Kila mwaka pana mashindano manne makubwa kupita yote: ya Melbourne katika nchi ya Australia, ya Paris, ya Wimbledon katika mji wa London, na ya New York. Mchezaji aweza kupata mali nyingi na sifa nyingi mahali pengine, lakini asipochukua hata kikombe kimoja katika hivyo vinne, watu husema kwamba kazi yake haijatimia.

Hivyo ndivyo walivyosema juu ya Amélie Mauresmo, binti wa Ufaransa. Mwaka 1999, alipokuwa na umri wa miaka 19, alifika mchezo wa mwisho wa Melbourne, akashindwa na Martina Hingis. Mwaka 2004 alihesabiwa kuwa wa kwanza ulimwenguni kote, naye hajachukua bado hata kikombe kimoja kati ya vile vinne. Watu wakanong'ona: Mkono wake una nguvu, lakini moyo wake hutetemeka siku iliyo kubwa.

Mwezi wa Januari 2006 akarudi Melbourne. Ni majira ya joto kali katika nchi ile. Katika mzunguko wa tatu mwenzake, Michaella Krajicek wa Uholanzi, alilemewa na joto akaacha mchezo. Katika mchezo wa kabla ya mwisho alikutana na Kim Clijsters wa Ubelgiji. Kila mmoja alikuwa amechukua seti moja, na katika seti ya tatu Mauresmo alikuwa ametangulia kwa magemu 3 kwa 2, mara Clijsters akateguka kifundo cha mguu, naye pia akaacha.

Tarehe 28 Januari 2006 ukafika mchezo wa mwisho. Aliyesimama ng'ambo ya wavu alikuwa Justine Henin, ambaye siku zile aliandikwa Henin-Hardenne, binti wa Ubelgiji, mshindi wa Melbourne ya mwaka 2004. Mwili wake ni mdogo, lakini sifa yake ilikuwa ile ya mtu asiyekubali kushindwa. Siku hiyo watu walimtazama wakashangaa. Hakukimbia kama desturi yake, na mipira yake haikuwa na uzito. Mauresmo akachukua seti ya kwanza kwa magemu 6 kwa 1. Katika ya pili akatangulia 2 kwa 0. Ndipo Henin akamwendea mwamuzi akasema hawezi kuendelea. Zilikuwa zimepita dakika 52 tu. Baadaye alieleza kwamba tumbo lilimwuma sana, kwa sababu ya dawa kali alizokuwa akimeza ili kutuliza maumivu ya bega.

Basi Mauresmo akapata kikombe alichokitafuta miaka mingi. Alikipata bila kupiga pointi ya mwisho, bila kusikia kelele zile ambazo kila mchezaji huziota tangu utoto. Kati ya wenzake saba aliokutana nao katika mashindano yale, watatu walikuwa wameacha mchezo kabla haujaisha.

2. Maneno ya watu

Watu hawakukawia kunena. Wengine walimlaumu yule mgonjwa. Walisema: Yalibaki magemu machache tu; angesimama hata bila kukimbia, ampe mwenzake furaha ya kumaliza. Amemnyang'anya furaha yake. Wengine walimdharau yule mshindi. Walisema: Amepewa kikombe, hakukishinda. Mgonjwa wa joto, mgonjwa wa mguu, mgonjwa wa tumbo, hao ndio aliowapiga.

Ni vyema kuyapima maneno hayo mawili, moja moja, maana yanasemwa kila siku vijijini, hata mahali ambapo hapana mtu aliyepata kuona raketi.

3. Maumivu ya mwenzako huyaoni

Mguu ukivimba, kila mtu auona. Mkono ukivunjika, hapana anayeuliza. Mwaka 1990, katika mji ule ule wa Melbourne, Stefan Edberg wa Uswidi aliuacha mchezo wa mwisho mbele ya Ivan Lendl kwa kuumia msuli wa tumbo. Hata msuli hauonekani kwa macho. Sembuse tumbo linalowaka kwa ndani! Mtu aliyekaa penye viti, mwenye kinywaji mkononi, anajuaje kipimo cha maumivu ya yule aliye kiwanjani?

Hivi ndivyo ilivyo penye kijiji. Mama fulani haonekani katika mafundisho Jumapili mbili, na jirani zake husema: Amechoka na dini. Kumbe anatetemeka kwa homa ndani ya nyumba, wala hana wa kumtekea maji. Mzee fulani haji kwenye kazi ya kujenga kanisa, na vijana hucheka: Mvivu. Kumbe mgongo wake haumruhusu kuinama, naye anaona haya kusema. Henin angejilazimisha kuendelea, hapana ajuaye madhara ambayo yangempata. Mwenye mwili ndiye aliyejua, na Mungu aliyeuumba mwili.

Je, aliyelaumiwa alikuwa mtu wa kukata tamaa? Mwaka ule ule wa 2006 ulijibu. Mwezi wa Juni Henin alichukua kikombe cha Paris. Alifika mchezo wa mwisho katika mashindano yote manne makubwa ya mwaka ule, na mwaka ulipokwisha alihesabiwa kuwa wa kwanza ulimwenguni. Waliomwita dhaifu walinena mapema mno. Mkatekumeni akumbuke jambo hili kila ulimi wake unapotaka kumhukumu mtu aliyeketi kando ya njia. Huenda hakuikimbia safari. Huenda anapumzika ili aweze kuimaliza.

4. Mshindi afanye nini?

Yafuata neno la pili. Je, Mauresmo alikosa kwa kumpiga mgonjwa? Hapana. Sheria ya tenisi humtaka kila mmoja acheze kwa nguvu zake zote. Naye hakumdhuru mwenzake kwa hila. Zaidi ya hayo, kabla ya kufika pale alikuwa amewashinda wenye afya, akiwemo Nicole Vaidisova kwa 6 kwa 1 na tena 6 kwa 1, na Patty Schnyder kwa 6 kwa 3 na 6 kwa 0. Kikombe kilikuwa haki yake. Hakupaswa kukitupa wala kukionea haya. Lakini vile vile hakuweza kusema: Leo nimeonyesha nguvu zangu zote. Ushindi ule ulikuwa wa kweli, lakini haukuthibitisha yote.

Hapa mkatekumeni na atofautishe sana. Katika mchezo, sheria haimngojei mgonjwa, nao wachezaji wote wawili waliikubali sheria hiyo tangu mwanzo. Lakini baraza si mchezo, wala shamba la mjane si kikombe. Watu wawili wanagombea mpaka wa shamba la muhogo. Siku ya hukumu imewekwa, na mmoja wao ameshikwa na homa, hawezi kutembea mpaka kwa chifu. Yule mwenye afya huenda peke yake, husema peke yake, na hurudi na shamba zima. Wazee wamekata shauri, watu wamesikia. Je, ameshinda?

Mbele ya watu labda ameshinda. Mbele ya Mungu hajashinda neno lo lote, maana hapakuwa na mtu wa kumjibu. Upendo wa Kikristu ungemfundisha aende kwa chifu na kusema: Mwenzangu ni mgonjwa; siku na isogezwe, aje aseme maneno yake. Kama mpaka ni wake kweli, utabaki kuwa wake hata juma lijalo. Kama si wake, kungoja kumemwokoa asile jasho la mwingine. Mwenye haki haogopi afya ya mshindani wake.

5. Adui anayelala ndani

Lakini vita iliyo kubwa si ya mpaka wala ya mpira. Kila mkatekumeni ana adui ndani yake: ulevi, hasira, uzinzi, wizi, uchawi na hirizi. Naye akipita miezi michache bila kuanguka, hufurahi na kusema: Nimeshinda. Neno hili lastahili kupimwa kwa kipimo kile kile. Adui alikuwa mzima, ama alikuwa mgonjwa?

Mtu mmoja husema: Nimeacha ulevi. Lakini migomba ya kijiji ilikauka kwa jua, na pombe haikupikwa. Mwingine husema: Nimemsamehe ndugu yangu. Lakini ndugu yule amehamia mbali, hawaonani kamwe. Mwingine husema: Sigusi tena mali ya watu. Lakini mwaka huu hakuna aliyemwachia kitu mikononi. Mwingine husema: Nimetupa hirizi. Lakini mtoto wake hajaugua bado hata usiku mmoja. Hao wote wameshinda, naam, wala ushindi wao usidharauliwe, maana siku moja bila dhambi ni zawadi ya Mungu. Ila wasijisifu. Dhambi yao haijafa. Inalala juu ya mkeka. Migomba itazaa tena. Ndugu atarudi kwa mazishi ya baba. Mtoto atawaka homa usiku wa manane, na bibi atanong'ona habari ya mganga. Siku hiyo ndiyo adui aliye mzima atasimama ng'ambo ya wavu.

Kwa sababu hiyo Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, wale walioitwa Mapadri Weupe, aliwaagiza wasimbatize mtu mzima kwa haraka, bali wamtayarishe kwa muda wa miaka minne. Mapadri hao walipofanya kazi kando ya Ziwa Tanganyika, na huko Mpala walikoingia mwaka 1885, wengi walinung'unika: Miaka minne ya nini? Maswali yamekwisha kujulikana kwa moyo! Lakini miaka ile haikuwa kwa ajili ya kujifunza maneno tu. Ilitakiwa ipite mavuno na njaa, arusi na misiba, ugomvi na mapatano, ili mkatekumeni akutane na adui wake akiwa na afya, nao ndugu na wazee wamwone amesimama. Mwenye kungoja ubatizo asihesabu siku kama mfungwa. Kila msimu unaopita unamwonyesha jambo juu ya moyo wake ambalo hakulijua.

6. Shaka hujibiwa kwa kazi

Basi Mauresmo alifanya nini na maneno ya watu? Hakuna ubishi ambao ungeweza kumsaidia. Angesema maneno elfu moja, wasingeamini. Njia ilikuwa moja tu, kurudi kiwanjani.

Tarehe 8 Julai 2006, huko Wimbledon, ulifika tena mchezo wa mwisho. Ng'ambo ya wavu alisimama Justine Henin yule yule, mwenye kikombe cha Paris cha mwezi uliotangulia, mwenye nguvu zake. Seti ya kwanza Henin aliichukua kwa magemu 6 kwa 2. Wengi walifikiri moyoni: Sasa ukweli umefunuliwa. Lakini Mauresmo hakuvunjika. Akachukua ya pili kwa 6 kwa 3, na ya tatu kwa 6 kwa 4. Tangu Suzanne Lenglen mwaka 1925 hapakuwa na mwanamke wa Ufaransa aliyeshinda Wimbledon. Safari hii mchezo uliisha kwa mpira wa mwisho, wala si kwa ugonjwa, na hapana aliyeuliza neno.

Ushindi wa Julai haukuufuta ule wa Januari, uliuthibitisha. Vivyo hivyo kwa mwenye kumfuata Kristu. Watu wa nyumbani wakimcheka mkatekumeni na kusema kwamba wema wake ni wa majira ya kiangazi tu, asibishane nao mchana kutwa. Arudi kazini. Kishawishi kikija na nguvu zake zote, asimame. Na akipoteza seti ya kwanza, asiseme yamekwisha. Wengi wameanguka asubuhi wakainuka mchana, na Mungu huitazama jioni.

7. Ushindi mmoja usio na shaka

Tena pana ushindi mmoja ambao hapana awezaye kuutilia shaka. Bwana Yesu alipopigana na mauti, aliyedhoofika mwilini alikuwa Yeye. Alikuwa amepigwa mijeledi, amechoka, ana kiu, mikono yake imepigiliwa misumari. Mauti haikuwa mgonjwa siku ile. Ilikuja na nguvu zake zote, kama inavyokuja juu ya kila mwanadamu. Naye hakuikimbia, wala hakungoja ipungue nguvu. Aliingia mpaka kaburini, na siku ya tatu akafufuka. Kwa hiyo mkatekumeni anapobatizwa hategemei misuli ya moyo wake mwenyewe, maana siku moja moyo huo nao utaugua. Hutegemea ushindi wa Yule aliyeshinda alipokuwa dhaifu, mbele ya adui aliyekuwa mzima.

Maulizo

Ulizo: Je, ni dhambi kushinda mwenzako akiwa mgonjwa?
Jibu: Katika mchezo wa haki, si dhambi. Katika daawa na mambo ya maisha, kutumia ugonjwa wa mwenzako ili kuchukua kilicho chake ni kosa juu ya haki na juu ya upendo.

Ulizo: Mkristu afanye nini anapomwona mwenzake ameacha kazi iliyoanzwa?
Jibu: Asimhukumu. Kwanza aende kumwona, amwulize hali, na amsaidie ikiwezekana.

Ulizo: Mtu atajuaje kwamba amekishinda kishawishi?
Jibu: Akisimama siku ile kishawishi kinapokuja na nguvu zake zote, wala si siku kilipokosa nafasi. Tena hata hapo amshukuru Mungu, asijisifu.

Ulizo: Aliyeanguka mara moja amekwisha kushindwa?
Jibu: Hapana. Atubu, ainuke na kuendelea, maana mchezo haujaisha.

Kusudi la juma hili

Kila mkatekumeni achague jirani mmoja ambaye watu humsema vibaya kwa kutoonekana, naye aende kumwamkia nyumbani kwake. Asipeleke maonyo. Apeleke kuni, au maji, au kichane cha ndizi, na akae kidogo asikilize. Jioni kabla ya kulala asali hivi: Ee Mungu Baba, unaijua nguvu yangu na ugonjwa wangu. Usiniache nijisifu adui akilala, wala nikate tamaa akiamka. Amina.